Bibi wa Kwenye Simu

SEHEMU YA 1

Mama mwenzangu. Kama mtoto ameshanyonya na ugali umeshapakuliwa, kaa hapa kidogo. Leo nesi wenu haongelei chanjo wala uji wa lishe. Leo tunaongelea gemu.

Najua kuna watakaosema, "Nesi naye kaishiwa." Ngojeni kwanza. Kwenye kliniki ya watoto ninapofanya kazi hapa Mwanza, lile lalamiko letu la "mtoto hali" limepata mwenzake: "mtoto halali." Analala anashtuka. Anataka taa iwake mpaka asubuhi. Hataki kwenda chooni peke yake hata saa moja jioni. Mwingine alishaacha kukojoa kitandani, ameanza tena yuko darasa la kwanza. Mama anaeleza, mimi napima joto, nauliza kuhusu homa, kula, choo, shule. Mwisho nauliza, "Huwa anashika simu ya nani?" Hapo mama ananyamaza, na mtoto ndo anajibu huku macho yanamng'aa. Mara nyingi anajibu neno moja tu: Granny.

Granny ni Kiingereza cha bibi. Ni gemu ya simu iliyotoka mwaka 2017, imetengenezwa na mtu anayejiita DVloper, na kuipakua ni bure. Niliiweka kwenye simu yangu siku ya mapumziko nikaicheza kibarazani, mchana kweupe, majirani wanapita. Nilikamatwa kabla sijafika hata chini ya ngazi, na nilipiga kelele mpaka jirani akauliza kuna nini.

Inakwenda hivi. Unaamka kwenye chumba chenye giza, ndani ya nyumba usiyoijua. Mlango mkubwa umefungwa kwa makufuli na vizuizi vingi. Una siku 5 za kutoroka. Ndani ya nyumba hiyo yumo bibi kizee mwenye nywele nyeupe, gauni chafu na rungu mkononi. Anakutafuta. Huna mtu wa kumwita, huna polisi, huna jirani. Kazi yako ni kupekua makabati na droo, upate funguo, koleo, nyundo, ufungue kizuizi kimoja baada ya kingine. Lakini bibi huyo anasikia kila kitu. Ukiangusha kitu, anakuja mbio. Ukikanyaga ubao uliolegea ukalia, anakuja. Ukimwona, jitupe uvunguni mwa kitanda au jifungie kabatini, halafu usubiri umsikie akitembea. Akikukuta anakupiga rungu, siku moja imeondoka, unaamka tena pale pale kitandani. Hata ukipata silaha unamlaza kwa muda mfupi tu, kisha anarudi. Hachoki, na ukimsihi hakusikii.

Wenye kujua magemu watasema hayo si mapya, na ni kweli. Wajapani walitoa Clock Tower mwaka 1995, msichana anakimbizwa na mtu mwenye mkasi mkubwa na hana cha kupigana naye zaidi ya kukimbia na kujificha. Mwaka 1999 ikaja Resident Evil 3, yenye zimwi linaloitwa Nemesis linalokufuata popote uendapo. Mwaka 2014 ikaja Alien: Isolation, kiumbe anakuwinda ndani ya chombo cha angani. Tofauti ni kwamba zile zilitaka mashine ya kununua na televisheni, na aliyezicheza alikuwa kijana mkubwa sebuleni au kwenye banda la gemu, tena mbele ya wenzake. Granny inaingia kwenye simu ya tachi ya bei ya chini kabisa. Na hata ukikataa kununua bando, watoto wanarushiana kwa Xender nyuma ya darasa. Ndiyo maana naisikia Igoma, naisikia Buhongwa, naisikia mpaka kwa watoto waliovuka ziwa kutoka Ukerewe kuja likizo.

Halafu kuna hili ambalo limenikaa kichwani. Sisi nasi tulitishwa tukiwa wadogo. Nani hapa hakusimuliwa zimwi? Nani hakucheza kombolela jioni akajificha nyuma ya jiwe moyo unapiga mpaka anausikia masikioni? Ila hadithi ya zimwi ulisimuliwa na mtu. Umeegemea goti lake, moto unawaka, sauti unaijua. Akiona umeshtuka sana analegeza, anatia kichekesho. Na mwisho zimwi lilikufa, ukalala. Huyu mtoto wa leo anatishwa akiwa peke yake chini ya shuka, hedifoni masikioni, na anayemtisha haoni kama mtoto anatetemeka. Na mwisho wake mara nyingi ni kupigwa rungu, kisha tangazo la biashara.

SEHEMU YA 2

Asanteni kwa maoni ya jana. Nilivyotarajia, mmegawanyika: nusu mnasema nifuteni hiyo gemu Tanzania nzima (nesi sina mamlaka hayo, jamani), nusu mnasema watoto wa siku hizi wanadekezwa. Nitakuja kwenye la kufanya. Kwanza tuongelee usiku, maana hapa ndo kuna hatari ya kuchanganya mambo.

Mtu akishtuka, mwili unamwaga homoni inayoitwa adrenalini. Moyo unakimbia, viganja vinatoa jasho, tumbo linakaza, masikio yanakuwa makali. Mwili haujui kama bibi ni picha. Wewe mtu mzima ukizima simu unajiambia ni gemu, baada ya muda umetulia. Mtoto wa miaka 6 unamnyang'anya simu saa tatu usiku na kumwambia "lala," mwili wake bado unakimbia. Na analala wapi? Kwenye chumba chenye giza kama kile kile, na kitanda kina uvungu kama ule ule. Umeme ukikatika ndo kabisa.

Na kwa watoto wetu wa milimani, Mabatini, Igogo, Bugando, kuna jambo la ziada. Nyumba ziko juu ya mawe, choo kiko nje, njia inapita kati ya majabali mawili na hakuna taa. Mtoto anayegoma kwenda choo hicho usiku simwiti mwoga. Hata mimi naenda na tochi. Mpe ndoo, au mtu mzima amsindikize, na asichekwe.

Sasa sikiliza vizuri. Mtoto anayepiga kelele usiku anaweza kuwa na mojawapo ya mambo matatu, na hayafanani.

Ndoto mbaya huja zaidi kuelekea alfajiri. Mtoto anaamka kweli, anakujua, analia, anaweza kukusimulia: bibi alikuwa mlangoni. Huyu anataka kukumbatiwa tu na kuambiwa uko hapa.

Hofu ya usiku ni nyingine, na huwatisha sana wazazi. Huja mapema, saa chache za kwanza tangu alale. Mtoto anakaa kitandani ghafla, macho yako wazi, anapiga mayowe, jasho linamtoka, anakusukuma kama hakujui. Dakika chache baadaye anarudi kulala, na asubuhi hakumbuki chochote. Hajarogwa. Ubongo wake umeamka nusu, nusu umelala. Usimtikise, usimmwagie maji. Kaa karibu asijiumize, mpaka ipite. Wengi huacha wenyewe wakikua, ila uchovu na kukosa usingizi wa kutosha huifanya ije mara kwa mara.

La tatu ni degedege, na hili si la kusingizia simu. Mwili unakakamaa au unarusha mikono na miguu, macho yanapinduka, povu linaweza kutoka, anaweza kujikojolea, ukimwita hasikii. Na kwetu kanda ya ziwa mbu tunaye mwaka mzima, kwa hiyo mtoto mwenye homa akifanya hivi tunawaza malaria kali mpaka kipimo kikatae. Mlaze ubavu, legeza nguo, usimtie kitu mdomoni, usimshike kwa nguvu, msimpake kitu, msimfukize. Kituo cha afya, usiku huo huo. Nimeandika haya kwa sababu mama mmoja aliniandikia inbox jana kwamba mwanawe "ana hiyo Granny," na nilipouliza maswali mawili nikamwambia funga simu, chukua bodaboda sasa hivi. Kipimo kilionyesha malaria. Mtoto anaendelea vizuri.

Kuhusu kukojoa kitandani, mtoto wa chini ya miaka 5 mwache, bado. Lakini aliyekuwa mkavu miezi mingi kisha akaanza tena, mlete tupime mkojo kwanza. Inaweza kuwa maambukizi, inaweza kuwa sukari hasa kama anakunywa maji kupita kiasi na anakonda. Na mkojo ukiwa na damu tunawaza kichocho, maana watoto wetu na madimbwi ya mpunga ni ndugu. Vipimo vikiwa safi ndo tunaanza kuongea habari ya hofu.

SEHEMU YA 3

Hii ndiyo sehemu iliyonifanya nianze kuandika mfululizo huu. Mwenye nyumba amenipa ruhusa, nimebadilisha vitu vidogo ili asijulikane.

Mama mmoja kijana alikuja na mtoto wake mchanga kwa chanjo, na mkononi ameshika kaka mtu, mvulana wa miaka 6. Baada ya chanjo akaniambia huku anacheka kidogo, "Nesi, huyu mkubwa ananiaibisha. Anamkimbia bibi yake."

Mama mkwe wake alikuwa ametoka kijijini, Misungwi, kuja kumsaidia uzazi. Ndiyo desturi yetu, nani atampikia mzazi uji na kumkanda kama si mama? Wiki ya kwanza ilikwenda sawa. Kisha mvulana akaanza: bibi akiingia chumbani, yeye anatoka. Bibi akiinuka usiku, mtoto anapiga yowe. Asubuhi moja walimtafuta nyumba nzima, wakamkuta uvunguni mwa kitanda, kimya, mikono imefunika mdomo. Mama alipomvuta, akamwambia kwa kunong'ona, "Usiseme kwa nguvu, atasikia."

Mpaka hapo na mimi nilikuwa natabasamu. Kisha mama akaendelea. Mtoto alikuwa amewaambia wenzake bombani kwamba bibi yake ana macho mekundu, usiku halali, anatembea tembea ndani ya nyumba na anataka kuwaua. Watoto wakapeleka nyumbani kwao. Jioni jirani mmoja akamvuta mama pembeni, akamuuliza kwa sauti ya chini, "Huyu mgeni wako, kwao ni wapi hasa?" Bibi alikuwa mlangoni, akasikia. Usiku ule akafunga mfuko wake wa nguo.

Hapo tabasamu liliniisha.

Ninyi mnaonisoma kutoka Dar au Arusha, au mliozaliwa juzi, huenda hamjui kwa nini. Wenyeji wa huku mnajua. Usukumani, kwenye mikoa hii ya Mwanza, Shinyanga, Simiyu na Geita, wanawake wazee wameuawa kwa mapanga kwa kuitwa wachawi, miaka nenda miaka rudi, na mojawapo ya "ushahidi" ni macho mekundu. Mauaji haya yanazungumzwa na kuandikwa tangu miaka ya 1970. Mtafiti wa Marekani, Edward Miguel, aliyefanya kazi Meatu, alichapisha mwaka 2005 jambo ambalo kila nikilikumbuka linaniumiza: miaka ya ukame mkali au mafuriko, mauaji ya waliodaiwa kuwa wachawi yaliongezeka karibu mara mbili, na wengi waliouawa walikuwa wanawake wazee, tena mara nyingi waliowaua ni ndugu. Yaani njaa ikiingia nyumbani, anatafutwa wa kuibeba. Huko Magu lipo shirika la MAPERECE ambalo limefanya kazi na wazee wanaotuhumiwa hivi. Sheria yetu ya uchawi ni ya tangu 1928, na inasema wazi kwamba kumtuhumu mtu uchawi ni kosa. Lakini panga halisomi sheria.

Kwa hiyo mtoto wa miaka 6 anaposema bombani "bibi yangu ana macho mekundu, anataka kutuua," kwa mtengeneza gemu huko Ulaya ni mtoto kaogopa tu. Huku kwetu maneno hayo hayo yanaweza kumtoa mtu roho. Mtoto hana kosa, hajui. Lakini jirani aliyeuliza "kwao ni wapi hasa" alikuwa anajua anauliza nini.

Nikamwambia mama, kesho njoo na bibi.

Alikuja amejifunga khanga mbili, mgongo umepinda kidogo. Nikamwamkia, "Mwangaluka," akafurahi kusikia Kisukuma kwa mtu aliyevaa sare, akaniita mayu, tukasalimiana kirefu kama inavyotakiwa. Macho yalikuwa mekundu kweli. Nikamuuliza anapikia nini huko nyumbani. Akacheka. Kuni zikiwepo ni kuni, zisipokuwepo ni mabua ya pamba, na mvua zikinyesha ni mavi makavu ya ng'ombe. Jikoni mwake hakuna dirisha. Miaka zaidi ya hamsini anapuliza moto ule kwa mdomo, uso karibu na mafiga.

Wengi wenu mna mama zenu hivyo hivyo. Moshi unachoma jicho kila siku mpaka mishipa inavimba na haishuki tena. Ongeza jua la shambani na vumbi. Kina mama wanaobanika sangara kwa moshi kwenye mialo yetu nao wako humo humo, wengine hawajafika hata miaka 40. Yapo pia magonjwa: vikope, na kile kinyama kinachoota kutoka kona ya jicho. Jicho jekundu lenye maumivu makali, kichefuchefu, na kuona duara za rangi kwenye taa, hilo ni la kukimbizwa hospitali siku hiyo hiyo maana presha ya jicho inapofusha. Lakini jicho jekundu la miaka yote, lisilouma sana, kwa mwanamke aliyepika maisha yake yote? Ni moshi, mama. Ni ugali uliokulea wewe.

Mwenzangu wa kitengo cha macho alipommulika, akaona na jambo la pili. Jicho la kushoto lilikuwa na mtoto wa jicho, ule weupe katikati ya mboni, na la kulia limeanza. Bibi alikuwa haoni vizuri kwenye mwanga hafifu. Hakumwambia mtu, asije akaonekana mzigo. Usiku kichanga kikilia yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuinuka, ili mkwewe alale, na kwa kuwa haoni alikuwa anapapasa ukuta, anakanyaga taratibu, anasimama, anasikiliza sauti inatoka wapi, kisha anaendelea.

Sasa jiweke mahali pa yule mtoto, amejifunika shuka, anamwona bibi mwenye nywele nyeupe na jicho jeupe katikati, gizani, anapapasa na kusikiliza. Kwenye simu ameshamwona huyu mara mia. Mbona aliogopa kwa haki.

Bibi mwenyewe ndiye aliyeomba aonyeshwe hiyo gemu. Tulikuwa chumba cha ushauri, mvulana kasimama mlangoni tayari kukimbia, mama anacheza, bibi kaisogeza simu karibu kabisa na jicho la kulia. Akatazama muda mrefu. Kisha akaanza kuuliza, na alimuuliza mjukuu, si sisi. Huyu bibi anaishi na nani? Watoto wake wako wapi? Nani anamletea kuni? Mbona hajapika siku zote tano? Mvulana alikuwa anajibu "sijui, sijui," anasogea hatua moja kila jibu, maana mtoto akiulizwa kuhusu gemu yake hawezi kukaa mbali. Mwisho bibi akamwambia, "Huyu anasikia hata kijiko kikianguka. Mimi ukiniita mara moja sisikii, uniite mara tatu." Mtoto akacheka. Cheko la kwanza.

Sisemi yaliisha siku ile. Ilichukua wiki kama tatu. Taa iliachwa ikiwaka. Mvulana akapewa kazi: kichanga kikilia usiku, yeye anashika tochi na kummulikia bibi njia, maana bibi haoni. Hilo nililipendekeza mimi na sikuwa na uhakika kama litafanya kazi, usiku wa kwanza alikataa. Wa nne alikubali.

Lakini kazi ngumu haikuwa ya mtoto, ilikuwa ya bombani. Mama yule alifanya jambo ambalo namsifu mpaka leo. Alimchukua mama mkwe wake kwa mkono, wakaenda nyumba kwa nyumba, kwanza kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha kwa yule jirani. Akasema: huyu ni mama yangu, macho yake yamechomwa na moshi, hospitali wamempima wamekuta mtoto wa jicho, haya hapa maandishi, atafanyiwa upasuaji. Mwanangu alitishwa na mchezo wa simu, nanyi watoto wenu wanaucheza. Jirani alikaribisha chai. Mama ananiambia chai ile ilikuwa chungu, ila waliinywa yote.

SEHEMU YA 4, majibu ya maswali yenu

Mama wa Kirumba mwenye kijana wa miaka 13: mimi simkatazi. Miaka 13 anajua picha ni picha, na kutishana na wenzake ni raha ya umri wake kama sisi na filamu za vibanda umiza. Angalia usingizi, angalia shule, na asiicheze mbele ya wadogo zake. Kwenye hili la wadogo nakaza, usilegeze.

Aliyeuliza umri gani basi: chini ya miaka 8 kwangu ni hapana. Huo ni uzoefu wangu wa kliniki. Kwa wadogo zaidi, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: ambaye hajafikisha miaka 2 asiwekwe mbele ya skrini kabisa, wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa 1 kwa siku na ikipungua ni bora, na wa miaka 3 na 4 anahitaji kulala saa 10 hadi 13, pamoja na usingizi wa mchana. Dada wa Nansio aliyeniuliza kuhusu mume anayecheza magemu ya kutisha na kichanga cha miezi 5 mapajani, mwonyeshe aya hii. Mwambie nesi anamsalimia, na mtoto ampe wewe au azime sauti na mashine.

Kuzuia kwenye simu: ingia Play Store, bonyeza picha yako juu kulia, nenda kwenye mipangilio, sehemu ya familia, weka udhibiti wa wazazi na namba ya siri. Lakini haizuii iliyoingia kwa Xender, kwa hiyo pekua mwenyewe. Na simu ya dada wa kazi je? Na ya mjomba? Ongea nao, usiwagombeze, wengi wanampa mtoto simu ili nao wapate kupumua.

Ukiikuta, usiifute kwa kelele. Ukifuta kwa kelele ataicheza kwa jirani, na hofu yake ataificha kwako. Kaa naye mchana, mwambie akufundishe. Ipo hatua inayoitwa Practice ambayo bibi hayumo ndani ya nyumba, mnazunguka tu vyumbani. Mtoto aone kabati ni kabati na uvungu ni uvungu. Muulize ni wapi anaogopa zaidi. Kisha mkubaliane inatoka, na muitoe pamoja, abonyeze yeye.

Mmoja ameandika kwamba toleo la pili lina na babu. Ni kweli, lilitoka 2019, na babu huyo hasikii vizuri. Yule bibi wa Misungwi nilipomsimulia alisema angalau huyo wamempatia.

Wanaoulizia upasuaji wa mtoto wa jicho: anzieni kituo cha afya kilicho karibu, mtapewa rufaa, na Bugando wapo madaktari wa macho. Mtoto ambaye hofu yake imepita mwezi, hali, hataki shule, anajitenga, naye mlete, idara ya afya ya akili pale Bugando ipo na si ya "vichaa" kama mnavyosema. Wenye mama na bibi kijijini ambao bado wanapikia ndani, kabla hamjamtumia khanga ya sikukuu, toboeni dirisha jikoni mwake na mnunueni jiko banifu lenye bomba la kutolea moshi.

Maswali ya degedege yamekuwa mengi kuliko yote, nayajibu Alhamisi. Mniandikie umri wa mtoto na kama alikuwa na homa.